Jiji Bila Hadhira: Mwanafunzi wa Kiswahili Mbele ya Jukwaa na Makumbusho ya Nakuru

Tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ilikabidhiwa hati ya kuwa jiji, la nne nchini Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Tangu siku hiyo mazungumzo kuhusu jiji letu yametawaliwa na barabara, masoko, maji taka na majengo ya ghorofa. Hayo yote ni ya msingi, wala simlaumu ayazungumziaye. Hata hivyo, nikiwa mwanafunzi wa lugha, ningependa kuongeza kipimo kingine ambacho aghalabu hakitajwi. Je, mkazi wa jiji hili akitoka kazini Ijumaa jioni, ana mazoea ya kwenda kuketi ukumbini na watu asiowajua, akacheka na kunyamaza pamoja nao mbele ya jukwaa? Na siku ya mapumziko, akiwa na watoto wake, huwapeleka kuona mabaki ya watu walioishi hapa kabla yao?

Mahali pa kwenda papo. Ukumbi wa Nakuru Players umesimama katikati ya mji tangu enzi za ukoloni. Makumbusho ya Hyrax Hill yako umbali wa kilomita zipatazo 4 tu kutoka katikati ya jiji, kando ya barabara kuu iendayo Nairobi. Kariandusi iko karibu na Gilgil. Kasri la Lord Egerton liko upande wa Njoro, na linasimamiwa na Chuo Kikuu cha Egerton. Kinachokosekana ni hadhira. Na katika hadhira hiyo inayokosekana, wa kwanza kulaumiwa ni sisi tunaojiita wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Hoja yangu katika makala hii ni kwamba msomi wa Kiswahili asiyekwenda kutazama tamthilia jukwaani, wala kuingia makumbushoni, anaisoma nusu ya taaluma yake. Na kwamba uvivu wetu huo una gharama kubwa kuliko alama za mtihani.

Tuanze na maneno yenyewe, kwa maana maneno ndiyo mali yetu. Neno tamthilia lina nasaba moja na mithali na mithili: ni kitu kinachofananishwa, kinachotolewa mfano ili kionekane. Onyesho latokana na kitenzi onyesha, yaani kumfanya mtu aone. Makumbusho yatokana na kumbusha, yaani kumfanya mtu akumbuke. Mwanafunzi yeyote wa mofolojia atatambua kwamba maneno haya mawili ya mwisho yamejengwa juu ya kauli ya kutendesha. Kauli hiyo haikamiliki mpaka awepo mtendeshwa. Huwezi kuonyesha pasipo mwenye kuona, wala huwezi kukumbusha pasipo mwenye kukumbuka. Lugha yetu ilikwisha kutuambia jambo ambalo wananadharia wa drama wameliandikia vitabu vizima: kwamba hadhira ni sehemu ya mchezo wenyewe, si wageni waalikwa.

Sasa tujiulize jinsi tunavyoisoma tamthilia katika shule na vyuo vyetu. Tunaisoma kama riwaya iliyokatwakatwa. Tunafungua ukurasa wa kwanza, tunayaruka maelekezo ya jukwaani kwa kuwa yako katika mabano na yameandikwa kwa hati za mlazo, kisha tunakimbilia orodha ya maudhui, wahusika na mbinu za lugha. Wengi wetu hatukisomi hata kitabu chenyewe. Tunasoma mwongozo. Matokeo yake ni mhitimu anayeweza kutaja sifa 6 za Majoka katika Kigogo ya Pauline Kea, na bado asiweze kukueleza mtu huyo anaketije, anatembeaje, wala ananyamaza wakati gani.

Nilipokuwa kidato cha tatu, kundi moja la waigizaji lilikuja shuleni kwetu kutuigizia tamthilia hiyo. Mwalimu alikuwa amekwisha kutufafanulia kwamba Sudi, yule mchongaji anayekataa kumchongea mtawala kinyago kwa ajili ya sherehe, ni mhusika mwenye msimamo thabiti. Tuliliandika jambo hilo madaftarini na kulipigia mstari. Lakini siku ile, aliyemwigiza Sudi alipoahidiwa mapato manono, hakujibu mara moja. Aliinama, akaendelea kupiga tindo yake kwenye kipande cha mti. Ta! Ta! Ta! Ukumbi uliokuwa na kelele za vijana mia kadhaa ukanyamaza kimya. Nilielewa wakati ule, na sikuwa nimeelewa kabla yake, kwamba kukataa kunaweza kuwa kazi ya mikono, na kwamba mtu mnyonge anaweza kumjibu mkubwa pasipo kufungua kinywa. Pale nilijifunza maana ya msimamo. Tulipotoka nje, kiranja wetu wa darasa aliuliza swali ambalo sijalisahau: "Haya, nani amehesabu mbinu za lugha?"

Swali lile ndilo linalotuumiza mpaka leo. Maonyesho ya vitabu teule yanayozungushwa katika shule zetu ni jambo jema, na yamewapa waigizaji wengi wa Bonde la Ufa riziki na jukwaa la kujifunzia. Lakini yamekuwa mtumwa wa mtihani. Yanafika kitabu kinapotahiniwa, na kitabu kinapobadilishwa huzikwa pamoja nacho. Mstahiki Meya ya Timothy Arege ilisomwa na maelfu ya watahiniwa. Ni tamthilia inayohusu baraza la mji wa Cheneo, ambako meya anahangaikia kuwapokea wageni kutoka ng'ambo huku wafanyakazi hawajalipwa na hospitali haina dawa. Nauliza: je, palikuwa na wakati mzuri zaidi wa kuiweka tamthilia hiyo jukwaani Nakuru kuliko wakati mji huu ulipopandishwa hadhi kuwa jiji? Wazee, wafanyabiashara, madereva wa matatu na viongozi wa kaunti wangeketi ukumbi mmoja wakajitazama. Lakini kitabu kilikuwa kimekwisha kuondolewa katika orodha ya mtihani, na kwetu sisi kitabu kisichotahiniwa ni kitabu kilichokufa.

Haikuwa hivyo daima katika historia ya drama ya Afrika Mashariki. Mwaka 1965 wanafunzi na walimu wa Makerere walianzisha kikundi cha maonyesho ya kuzunguka, wakaigiza Uganda na hata Kenya kwa Kiingereza na kwa lugha za wenyeji, Kiswahili kikiwamo. Waliwafuata watu walipokuwa. Mnamo 1969 Kinjeketile ya Ebrahim Hussein iliigizwa Dar es Salaam, mwaka uleule ilipochapishwa kuwa kitabu. Yaani tamthilia ambayo leo tunaiita nguzo ya fasihi ya Kiswahili ilikuwa na waigizaji na watazamaji tangu uchanga wake. Mwaka 1981 kilianzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na tamasha la sanaa la mji huo limekuwa likiwavuta watu kutoka mbali kwa miongo kadhaa. Bagamoyo si jiji. Ni mji mdogo wa pwani ulioamua kwamba sanaa ya maonyesho ni sehemu ya maisha yake. Nasi tulio jijini tumeamua nini?

Mfano mwingine unatia haya na fahari kwa pamoja. Mwaka 2012 ukumbi wa Globe jijini London uliandaa maonyesho ya tamthilia 37 za Shakespeare katika lugha 37. Kiswahili kilipewa The Merry Wives of Windsor, na waigizaji wa Afrika Mashariki wakaiigiza kwa lugha yetu mbele ya watu wa London. Wazungu walilipa kiingilio wakasikiliza Kiswahili kwa saa nzima na zaidi, wengi wao bila kukifahamu, wakacheka kwa kufuata miili na sauti za waigizaji. Mimi nimewasikia wanafunzi wa Kiswahili wakisema kwamba tamthilia ya Kiswahili haina wateja. Kumbe tatizo si lugha. Tatizo ni mazoea.

Mtu anaweza kusema kwamba haya ni mambo ya starehe na kwamba nchi yenye matatizo kama yetu haipaswi kuyalilia. Nitamjibu kwa tukio lililotokea papa hapa Nakuru. Mnamo Aprili 2025 tamasha la kitaifa la drama la shule na vyuo lilifanyika katika kaunti yetu. Wanafunzi wa Shule ya Wasichana ya Butere walikuja na mchezo ulioitwa Echoes of War, ulioandikwa na Cleophas Malala, aliyekuwa seneta wa Kakamega. Mchezo huo ulikuwa umezuiwa, na Mahakama Kuu ikaamuru kwamba uruhusiwe kuigizwa. Tarehe 10 Aprili, katika Shule ya Wasichana ya Kirobon, wanafunzi hao waliingia ukumbini bila mwelekezi wao, ambaye alikuwa amekamatwa na polisi, na bila hadhira, kwa kuwa watu walikuwa wamezuiwa nje. Waliimba wimbo wa taifa, kisha wakatoka bila kuigiza. Huko nje polisi waliwatawanya watu kwa mabomu ya machozi.

Sikusudii kuujadili ubora wa mchezo wenyewe wala siasa za mwandishi wake. Kila mmoja wetu ana maoni yake, na ni haki yake. Ninachotaka tukitazame ni kile kitendo cha mabinti wale. Walikuwa na maneno wameyahifadhi, na amri ya mahakama ilikuwa upande wao. Kilichokosekana kikafanya vyote hivyo visiwe na maana ni watazamaji. Wasichana wale walielewa jambo ambalo sisi tunalifundisha kwa maneno mengi: kwamba mchezo bila hadhira si mchezo. Ndiyo maana hawakuigiza. Ukimya wao ulikuwa uhakiki mkubwa wa drama kuliko insha nyingi tulizowahi kuandika.

Ikumbukwe pia kwamba jambo hili lina historia. Mwaka 2013 mchezo mwingine wa shule hiyohiyo, Shackles of Doom, ulipigwa marufuku, na mahakama ikaiondoa marufuku hiyo. Miaka mingi kabla ya hapo, mwaka 1977, wakulima na wafanyakazi wa Kamirithu, Limuru, waliigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, kwa lugha yao ya Kikuyu, katika ukumbi wa wazi walioujenga wenyewe. Mchezo ulipigwa marufuku, na mwisho wa mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Kiini cha hofu ya watawala wakati ule hakikuwa maandishi tu, kwani Ngũgĩ alikuwa ameandika mengi makali kwa Kiingereza na vitabu vyake vikauzwa. Hofu ilikuwa hadhira: watu waliokuja kwa miguu, wakajiona jukwaani na kusikia wakisemwa kwa lugha waliyonyonya.

Tangu 2010 Katiba ya Kenya, katika ibara ya 33, inalinda uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Ibara ya 11 inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na ibara ya 7 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Hizi ni ngao nzuri. Lakini ngao haijishiki yenyewe. Jiji ambalo watu wake wana mazoea ya kwenda kutazama michezo haliwezi kunyamaza mchezo unapofungiwa, kwa kuwa kila mmoja atahisi ameporwa kitu chake. Jiji lisilo na mazoea hayo litasikia habari redioni, litashangaa siku mbili, kisha litasahau. Hiyo ndiyo gharama niliyoitaja mwanzoni.

Nikitoka ukumbini, naomba msomaji anifuate makumbushoni, kwa maana kasoro iliyoko huko ni pacha wa hii.

Hyrax Hill ni kilima kidogo. Zamani sana, Ziwa Nakuru lilipokuwa kubwa kuliko lilivyo sasa, maji yalikizunguka kilima hicho. Mary Leakey alikichimbua mnamo 1937 na 1938, na mwaka 1943 kikatangazwa kuwa mahali pa kuhifadhiwa kitaifa. Nyumba iliyokuwa ya mlowezi ikafanywa makumbusho, yakafunguliwa mwaka 1965. Huko utaona makaburi ya watu wa zama za mawe za mwisho, vyombo vyao vya mawe na vya udongo, na vishimo vikubwa ambavyo wataalamu huvihusisha na Wasirikwa, wafugaji waliochimba maboma yao ardhini. Juu ya mwamba kuna mashimo yaliyochongwa kwa mpangilio: ni bao. Mtu asiyejulikana jina aliketi pale, akatoboa jiwe gumu kwa subira, ili yeye na mwenzake wapate mahali pa kucheza.

Karibu na Gilgil, huko Kariandusi, Louis Leakey alianza kuchimbua mwishoni mwa miaka ya 1920. Pale zana za mawe zimeachwa zilipokutwa, mashoka ya mkono yaliyochongwa kati ya miaka laki saba na milioni moja iliyopita. Na hapa Njoro, katika pango la Mto Njoro, Leakey na mkewe walichimbua mnamo 1938 mabaki ya watu waliochomwa moto kwa desturi ya mazishi kiasi cha miaka elfu tatu iliyopita, pamoja na mabakuli ya mawe na shanga. Mwanafunzi anaweza kukaa Njoro miaka minne, akala chakula chake cha jioni kila siku karibu na bonde la mto ule, na asijue kamwe kwamba ameishi jirani na watu hao.

Kasri la Lord Egerton nalo lina funzo lake. Lilijengwa kuanzia 1938 hadi 1954 na Maurice Egerton, mlowezi tajiri ambaye mwaka 1939 alianzisha shule ya kilimo iliyokuja kuwa Chuo Kikuu cha Egerton mnamo 1987. Alifariki mwaka 1958 bila kuoa. Wageni wengi hulijia kasri hilo kwa sababu ya hadithi ya mapenzi isimuliwayo: kwamba lilijengwa kwa ajili ya mwanamke aliyemkataa mwenyewe. Hadithi hiyo inapendeza, na sisi wanafunzi wa fasihi simulizi tunajua kwa nini inapendwa. Lakini nyumba ya mawe haijengwi na huzuni. Imejengwa na mikono. Nani walichonga yale mawe, walilala wapi, waliimba nyimbo gani wakiyapandisha? Hadithi ya bwana imehifadhiwa kwa kuwa ilikuwa na msimuliaji. Ya mafundi na vibarua inangoja wa kuisimulia.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia, au tuseme ndipo kinapoachwa mlangoni. Katika makumbusho mengi ya nchi hii maelezo yaliyobandikwa kandokando ya vioo ni ya Kiingereza. Kiswahili huwa mdomoni mwa mwongozaji, naye hukitumia kwa ukarimu akiona wageni wake ni watoto wa shule au wazee. Akiondoka mwongozaji, Kiswahili kimeondoka naye. Mama aliyetoka sokoni na mwanawe wa miaka 8 husimama mbele ya kioo, akatazama jiwe, akatazama maandishi, kisha akamwambia mtoto: "Twende tukaone vingine." Jiwe lile ni la mababu wa nchi hii, lakini limeandikiwa watu wengine.

Tusikimbilie kuwalaumu wanaoendesha makumbusho. Tujiulize sisi tuliosoma isimu na tafsiri kwa miaka minne: tumewahi kuwapelekea hata ukurasa mmoja? Kazi yenyewe ni ngumu na tamu. Tuanze na jina la kilima. Hyrax ni pimbi, yule mnyama mdogo wa miambani. Je, tuandike Kilima cha Pimbi, au tuliache jina kama lilivyozoeleka? Zama za mawe tunazo, kwa sababu walimu wa historia walizitumia zamani: zama za mawe za kale, za kati na za mwisho. Lakini lile jiwe jeusi linalong'aa kama kioo, litokalo volkano, ambalo watu wa Bonde la Ufa walilichonga visu, tuliiteje? Wamaasai na Wakalenjin wanaoishi karibu na miamba hiyo wanaliita nani? Hapo una mada ya tasnifu ya uzamili, na huhitaji kwenda mbali kuitafuta. Istilahi iliyotungwa mbele ya kitu chenyewe, na kujaribiwa kwa mtoto wa miaka 8, itaishi. Istilahi iliyotungwa kamusini ili ikae kamusini haina maisha marefu.

Najua hoja zitakazotolewa dhidi yangu. Ya kwanza ni fedha. Mwanafunzi anayesubiri mkopo wa serikali hana kiingilio cha thieta. Hoja hii ni ya kweli, na sitaki kuipuuza kwa maneno matupu. Lakini nimewaona wenzangu hao hao wakilipa ili watazame mpira wa Uingereza katika vibanda vya video kila wikendi, tena kwa furaha, na siwalaumu. Wanalipia kile walichokizoea. Zaidi ya hayo, kikundi cha watu 40 kinaweza kuomba kipunguziwe, na mwendo wa kwenda Hyrax Hill si mrefu.

Hoja ya pili ni kwamba michezo ya Kiswahili ni michache, kwa hiyo hata tukienda hatutakuta kitu. Hoja hii inajizunguka kama mbwa anayefukuza mkia wake. Waigizaji hawaandai michezo ya Kiswahili kwa sababu hawaoni watazamaji, na watazamaji hawaendi kwa sababu hawaoni michezo. Mmoja lazima aanze. Naona ni haki aanze yule anayedai kwamba Kiswahili ndicho maisha yake.

Hoja ya tatu ni ya wahadhiri wetu, nami naitaja kwa adabu: muhula ni mfupi na silabasi ni ndefu. Walimu wetu, tunalijua hilo. Lakini saa 2 za kutazama tamthilia ikiigizwa huokoa saa nyingi za kueleza kwa mdomo kile ambacho jicho lingekiona mara moja. Mhadhiri wa sayansi hafundishi kemia bila maabara. Jukwaa ni maabara yetu.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, yote yaliyo ndani ya uwezo wa chama chetu. Mosi, kila tamthilia inayofundishwa katika idara iigizwe walau sehemu yake na wanafunzi wenyewe kabla ya kutahiniwa, na kila mwaka moja kati ya hizo ipelekwe mjini mbele ya wananchi, si mbele ya watahiniwa. Ianze na Mstahiki Meya. Pili, chama kiombe ruhusa kwa wasimamizi wa Hyrax Hill ili wanafunzi wa tafsiri, wakishirikiana na wataalamu wa akiolojia, waandae maelezo ya Kiswahili ya vitu vilivyoko pale, na kazi hiyo ikamilike kabla ya Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, mwaka ujao. Itakuwa sherehe yenye matunda kuliko maandamano yenye fulana. Tatu, jarida hili litenge kurasa za uhakiki wa maonyesho. Tunahakiki vitabu tu. Hakuna anayeandika kwamba usiku fulani, katika ukumbi fulani, mwigizaji fulani aliinua mkono hivi na watu wakalia. Maonyesho hupita kama upepo. Yasipoandikwa, yatakuwa kama hayakuwako.

Na juu ya yote hayo naongeza moja lisilohitaji kamati. Twende kwa ajili ya kufurahi. Nimezungumza mno juu ya wajibu, na huenda nimelifanya jambo hili lionekane kama dawa chungu. Sivyo. Hakuna furaha inayofanana na ile ya kukaa gizani, taa za jukwaa zikawaka, na sauti ya kwanza ikatoka kwa Kiswahili safi. Hakuna utulivu unaofanana na ule wa kusimama Hyrax Hill alasiri, upepo ukivuma kutoka ziwani, jiji lote likiwa limetandazwa mbele yako. Kiranja wetu alihesabu mbinu za lugha. Mimi namwombea siku moja aende bila kalamu.

Nilipokwenda Hyrax Hill mara ya mwisho nilikwenda peke yangu. Nilichutama mbele ya lile bao la mwambani, nikatia vijiwe katika mashimo, nikaanza kucheza upande wangu. Baada ya hatua mbili nikakwama. Bao halichezwi na mtu mmoja. Aliyelichonga alilijua hilo tangu siku ya kwanza, na bila shaka alikuwa na mwenzake aliyeketi upande wa pili, na pengine watu wa tatu na wa nne waliosimama nyuma wakitoa ushauri ambao hakuuomba mtu. Jiwe limengoja muda mrefu. Upande wa pili bado uko wazi, na nafasi ya watazamaji pia.